Filamu za Kabati la Wodi

Filamu ya kwanza ya kamera ilipotoka kwenye dawa ikiwa na ukungu, Marketta Hyvönen alijilaumu mwenyewe. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Ishirini kati ya hiyo alikitumikia kiwanda cha karatasi, mpaka kilipofungwa, na sasa ofisi ya ajira ilikuwa imempeleka chuo cha mji wa Haukijoki asomee uuguzi msaidizi pamoja na wasichana wa rika la binti yake. Fizikia ilikuwa ya lazima. Upigaji picha aliuchagua mwenyewe, kwa sababu marehemu baba yake alimwachia kamera.

Masomo hayo mawili aliyafundisha mtu mmoja, Aulis Rönkä, mwenye sweta lililotoboka viwiko na ulimi usio na breki.

"Hyvönen," alisema akiinua filamu dirishani, "hapa umepiga picha ya nini? Supu ya maziwa?"

"Kanisa, mwalimu."

"Kanisa liko wapi? Umefungua kamera juani, mama. Rudia."

"Jua lenyewe liko wapi, Novemba hii?"

Darasa likacheka, na Aulis naye akacheka. Lakini filamu ya pili ikatoka vilevile, kijivu ubavu mmoja kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Za wasichana zilikuwa safi.

Wasichana walibeba filamu zao mikobani. Marketta alizihifadhi kwenye kabati la wodi ya mazoezi, ghorofa ya pili, kwa kuwa chumba alichopanga kilikuwa na unyevu. Wodi hiyo ilikuwa na vitanda vinne, sanamu ya mpira ya kugeuzwa na kuogeshwa, na, kando ya kabati, kwenye ukuta uleule, meza ya mwalimu wa uuguzi, Irmeli Vaara. Kwa miaka sita, tangu chuo kihamie kwenye jengo hilo lililokuwa hospitali, Irmeli alikaa hapo, mgongo ameuegemeza ukutani penye bomba la kupashia chumba joto, kikombe cha kahawa mkononi. Yeye ndiye aliyempa Marketta ufunguo wa droo ya chini.

Vuli hiyo Irmeli alikuwa amepungua. Siku ya somo la kupima shinikizo la damu alijitolea mkono wake mwenyewe. Marketta alipoukunja mkono wa blauzi akakuta mavilio ya damu, mengine ya zambarau, mengine yanageuka manjano.

"Umeanguka, mwalimu?"

"Nimegongana na mlango. Funga mkanda, usinipotezee muda."

Marketta akafunga, akapiga pampu, akasikiliza. Alipoufungua mkanda, chini yake ngozi ilikuwa imejaa vidoa vyekundu, vidogo kama ncha za sindano. Wiki iliyotangulia Irmeli mwenyewe alikuwa amewafundisha vidoa hivyo vinamaanisha nini: damu haigandi tena inavyopaswa. Wakatazamana. Irmeli akateremsha mkono wa blauzi.

"Andika namba ulizosikia," alisema. "Hayo mengine hukuulizwa."

Kiwandani, kazi ya Marketta ilikuwa kutafuta dosari. Doa likionekana kwenye karatasi, hakubishana na karatasi. Aliifuata mashine kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka pale doa lilipoanzia. Basi akanunua filamu tano mpya. Moja akaiacha nyumbani, moja darasa la fizikia, moja kabatini, na mbili akazibandika nyuma ya kiti cha Irmeli, moja chini na moja juu. Juma lilipokwisha akazisafisha zote pamoja, katika dawa ileile, kisha akazitandaza mezani kwa Aulis.

Ya nyumbani ilikuwa safi. Ya darasani, safi. Ya kabatini ilikuwa na ukungu. Zile mbili za nyuma ya kiti zilikuwa nyeusi tititi.

Aulis hakutania. Aliziinua dirishani moja baada ya nyingine, akazirudisha taratibu.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Mgongoni kwa Irmeli."

Akaingia stoo, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kutafuta kitu. Alitoka na kipima mionzi, kile ambacho chuo kilikinunua mwaka ule wa wingu la mionzi ya nyuklia kutoka Ukraine. Juu yake palikuwa na kipande cha plasta chenye mwandiko wake: MBOVU.

"Miaka miwili iliyopita nilipita nacho kule juu na wanafunzi," alisema. "Kikapiga kelele kama kimepagawa. Nikasema kimekufa, nikakifungia."

"Hukujaribu tena?"

"Sikujaribu."

Walipanda ngazi. Kwenye korido kipima kiligonga mara mojamoja, kama bomba linalovuja. Mlangoni pa wodi kikaharakisha. Irmeli alikuwa kitini pake, amefumba macho, mgongo ukutani. Walipofika katikati ya vitanda, milio ikashikana ikawa sauti moja.

"Mmeleta nini tena, nyinyi?" Irmeli aliuliza bila kufumbua macho.

"Irmeli, ondoka hapo," Aulis alisema.

"Ninywe kahawa yangu kwanza, bwana we."

"Ondoka!"

Akafumbua macho. Akamtazama Aulis, akatazama kile kidude mkononi mwake, kisha akageuka polepole kuutazama ukuta. Marketta akamshika kwapani, kama alivyofundishwa naye, akamwinua. Alikuwa mwepesi mno.

Jengo lilifungwa siku hiyohiyo. Wataalamu walikuja kutoka Helsinki na sanduku la madini ya risasi, lisilopitisha mionzi, wakabomoa ukuta. Nyuma ya matofali wakakuta shimo la zamani la kuhifadhia dawa, na ndani yake kikopo chenye sindano za radiamu, madini yenye mionzi mikali, zile zilizotumika zamani kutibu saratani. Waliozisahau hapo walikuwa wamekwisha kufa, na hakuna karatasi iliyozitaja.

Irmeli alilazwa hospitali kabla ya Krismasi. Mwezi Februari Marketta alipangiwa mazoezi hospitali hiyohiyo, akaomba apelekwe wodi aliyolazwa Irmeli. Kila asubuhi alimwogesha, na Irmeli, kwa sauti iliyobaki, alimkosoa.

"Maji ya baridi. Unaniosha au unaniua?"

"Samahani, mwalimu."

"Aulis anakuja kila Jumapili. Anakaa hapo, hasemi kitu. Mwambie alete hata keki."

Alifariki mwezi Aprili. Madaktari hawakukubali kuandika kwamba ni ukuta uliomuua, wala hawakukubali kuandika kwamba sio.

Wanafunzi wote waliopita wodi ile walipimwa damu. Barua ya Marketta ilifika wiki ya mtihani wa mwisho: hakuna kilichoonekana kwa sasa, arudi kupimwa kila mwaka. Alifaulu mtihani, akapata kazi kwenye nyumba ya wazee.

Jioni akioga huigeuza mikono yake huku na huku chini ya taa, anaikagua ngozi yote, hatua kwa hatua, kama alivyokuwa akikagua karatasi.