Jembe la Mama Donatus

Donatus alikuwa amemshika Sesilia mkono. Mimi nilikaa nyuma yao, nikiutazama mkono huo kwenye upenyo wa viti viwili.

Ndege ilikuwa imeingia mawinguni ikaanza kutikisika. Masele, mpiga ngoma wetu, akasema kwa sauti, "Hata barabara ya Songwa wakati wa masika ina nafuu!" Kikundi chote kikacheka. Donatus hakucheka. Alikuwa amefumba macho na jasho linamtoka shingoni. Huyu ndiye anayerusha jembe likapita paa la kanisa, asiogope litashukia wapi. Leo yeye mwenyewe yuko juu, anatafuta wa kumdaka, na aliyemdaka ni Sesilia.

Niliomba mawingu yaishe upesi. Yakaisha. Jua likaingia dirishani, ndege ikatulia kama imeegeshwa, na mkono hakuuachia.

Sisi ni kikundi cha bugobogobo, ngoma ya wakulima. Tunacheza na majembe. Tunayazungusha na kurushiana, wawili wawili. Kwetu jembe la ngoma halikabidhiwi mkononi. Ukirushiwa, unadaka, na kulirudisha unalirudisha kwa kulirusha. Kwa misimu miwili niliyekuwa nikidaka jembe la Donatus ni mimi. Siku moja tukiwa kisimani aliniambia, "Noela, wewe nikikurushia naweza hata kufumba macho. Najua mkono wako upo." Hakuongeza neno jingine. Mimi nililichukua hilo moja nikakaa nalo.

Halafu tukaenda Dar es Salaam kwenye tamasha. Mazoezi ya kwanza tu, kiongozi wetu mzee Pantaleo akanivuta pembeni.

"Noela, mwanangu, unadaka vizuri kuliko wote. Lakini unatazama chini. Watu wa kamera wanataka kuona meno."

Sesilia ana meno. Na mwanya pia anao. Amemaliza kidato cha nne, akiulizwa swali na mgeni hajifichi nyuma ya mtu. Basi akawekwa mbele na Donatus, mimi nikapelekwa safu ya nyuma. Tulishika nafasi ya pili, na waandaaji wakatupa zawadi ya kurudi kwa ndege, kwa kuwa kwenda tulikuwa tumekwenda na basi mpaka miguu ikavimba. Wenzangu walishangilia. Mimi nilikuwa nawaza mapokezi ya kwetu, kwenye uwanja wa ndege wa Ibadakuli.

Mama yake Donatus alikuwa anatusubiri huko. Miaka yote tuliyocheza yeye alikuwa Geita, anapikia wachimbaji chakula, na hajawahi kutuona. Sasa amerudi kulima. Usiku wa kuamkia safari alipiga simu, Donatus akafungua spika tusikie wote.

"Nataka nimwone huyo anayedaka majembe ya mwanangu," alisema. "Nikishamwona, nitajua ng'ombe waelekee boma gani tukimaliza kuvuna."

Wote walipiga vigelegele. Sesilia alifunika uso kwa khanga, lakini vidole vilikuwa wazi na macho yalikuwa yanachungulia. Donatus hakusema kwamba kabla ya Sesilia kulikuwa na mwingine. Nilisubiri aseme. Alizima simu akauliza chaja iko wapi.

Kwa hiyo tukishuka tu tutacheza nje ya uwanja, na mama ataona anayedaka ni Sesilia. Baada ya hapo mimi nitakuwa mtu wa safu ya nyuma mpaka siku ya harusi yao, nikipika pilau.

Sesilia aligeuka, akapitisha uso kwenye ule upenyo. Alikuwa amesuka nywele mpya, nyembamba, Dar es Salaam.

"We Noela, umelala? Chungulia, tumefika! Ardhi yetu kutoka huku juu ni kama ukoko wa ugali."

"Naona."

"Huyu kaka amenivunja vidole. Mwanaume mzima anaogopa wingu!"

"Sijaogopa," alisema Donatus akiwa bado amefumba macho.

"Basi niachie."

Hakuachia. Sesilia akanikonyeza. Nilijifanya natafuta mkanda wa kiti, na mkanda ulikuwa umefungwa.

Tulipotua tulikwenda kusubiri mizigo. Mabegi yalikuja, na sanduku la mzee Pantaleo likaja. Ngoma na majembe havikuja. Kule Dar mkaguzi alikuwa amekataa tuingie na majembe ndani. "Mnataka kulima angani?" alituuliza, tukayafunga fungu moja kwa kamba yakaenda na mizigo. Sasa kijana wa uwanjani akasema ndege ilizidiwa uzito, mizigo mingine itakuja kesho.

"Kesho?" Mzee Pantaleo alishika kiuno. "Watu wako nje, na kigoma nakisikia! Bugobogobo bila jembe ni nini? Ni kupunga mikono!"

Wenzangu walinuna. Mimi niliinama nisionekane nafurahi. Jembe halipo, basi leo hakuna wa kudaka. Nilibeba begi langu na la Sesilia nisijue nalibebea nini.

Nje palikuwa na vumbi na vigelegele. Wazee wa kikundi walikuja na ngoma yao ya zamani, Masele akaipokea na kuanza kuipiga. Mama mmoja mwenye mabega mapana akatoka kwenye kundi, akamkumbatia Donatus mpaka kofia ikamdondoka. Alikuwa na gauni lenye matope pindoni na jembe begani. Ametoka shambani moja kwa moja.

"Shikamoo mama," tulisema, mimi nikiyatua mabegi chini.

"Marahaba wanangu. Majembe yenu yako wapi?"

"Yamebaki Dar, mama," Donatus alijibu.

"Yamebaki! Mmekwenda na majembe mmerudi na mabegi!" Watu wakacheka. "Haya, hili hapa. Yupi kati ya hawa anadaka?"

Donatus alifungua mdomo. Mzee Pantaleo naye alifungua wake. Wote wawili walimtazama Sesilia, na Sesilia, kwa kuwa alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi, alitazama chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hamjibu? Basi jembe litajibu." Mama alilishusha begani, akalizungusha mara moja, akaturushia.

Halikuwa jembe la ngoma. La ngoma ni jepesi, mpini umelainishwa. Hili lilikuwa la kulimia, zito, na udongo umeganda kwenye bapa lake. Lilikuja likijipindua juani. Sesilia alipiga kelele, akaruka nyuma, akaanguka kwenye vumbi na nywele zake mpya. Mimi sikufikiri kitu. Mkono ulikwenda wenyewe, mpini ukaingia kiganjani, ukanichoma, nikaushika.

Vigelegele! Mama Donatus alinijia akicheza, mikono juu.

"Nilijua! Ng'wanawane, nilijua ni huyu!" Ng'wanawane ni mwanangu, kwa Kisukuma. "Mrudishie! Mrushie mwenzako nione!"

Nilikuwa nimeshinda. Mbele ya mama yake, mbele ya watu wote. Nikainua uso, nikacheka mpaka meno yangu yote yakaonekana. Nikalizungusha jembe, nikalirusha juu kwa Donatus vile ninavyomrushia siku zote, mpini ukimwelekea mkono wake wa kulia pale alipokuwa amesimama.

Hakuwa amesimama pale. Alikuwa amechuchumaa kando ya Sesilia, amemshika kichwa kwa mikono yote miwili, anamwuliza, "Limekugusa? Nionyeshe. Limekugusa wapi?"

Jembe lilishuka peke yake. Lilijichimbia ardhini mahali palipokuwa na miguu ya Donatus, likasimama. Masele akaacha kupiga ngoma. Donatus hakugeuka hata kwa ule mshindo.

Mama Donatus alimtazama mwanawe, akanitazama mimi. Ile furaha ya usoni ilimtoka polepole. Akaenda akaling'oa jembe, akalikung'uta udongo, akaliweka begani.

"Twende nyumbani, mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Achana naye. Mimi ndiye ninayeamua. Ng'ombe ni wangu."

Nilimwamini. Ni mama wa kufanya alichosema. Angewaleta hao ng'ombe kwetu, na Donatus angenioa, na kila ndege ikitikisika mkono wake ungemtafuta mwingine.

"Hapana, mama," nilisema, na watu walisikia kwa sababu ngoma ilikuwa imenyamaza. "Yeye anadakwa na Sesilia."

Sesilia alikuwa bado amekaa chini. Vumbi lilikuwa limempaka nusu ya uso, na hata hivyo alikuwa mzuri. Nilitamani asiwe mzuri. Nililiweka begi lake karibu na miguu yake, nikachukua langu, nikaenda kupanda gari la kikundi, nikakaa kiti cha mbele kabisa ili nisiwaone watakavyokaa.