Fundi Macho na Chuo cha Karibu

Mchana ule Fundi Macho alikuwa anampima mwalimu wa fizikia suruali, na vipimo alivitaja kwa sauti ya mtu anayenadi mbuzi.

"Kiuno thelathini na sita! Urefu arobaini na moja! Paja tumwachie nafasi, huyu ni mtu wa kukaa!"

Wateja waliipenda sauti hiyo, wakidhani ni mbwembwe za kazi. Nyuma ya pazia la maua lililogawa duka katikati, binti yake aliinama mezani akiandika kila kipimo kwa chaki pembeni mwa kitambaa. Baadaye angekata, angeshona na kupiga pasi, kisha angeipenyeza suruali pembeni mwa pazia, baba yake amkabidhi mteja na kupokea sifa.

Jina la Fundi Macho alilipata ujanani. Wakati huo alikuwa akimtazama mtu mara moja tu akipita barabarani, na kesho yake suruali iko tayari, inamkaa kama ngozi. Sasa macho yale yalikuwa yamezimika. Yalianza kwa kukataa kutunga uzi kwenye sindano, yakaendelea kwa kukataa sura za watu, mpaka yakakataa yote. Tepu yake ya kupimia ilikuwa na vifundo vya uzi kwenye kila inchi, na vidole vyake vilivisoma vizuri tu.

Katika nyumba ile jambo hilo halikuwahi kutajwa. Liliitwa shida ya taa.

"Taa ya humu ndani mbovu," Fundi alisema kila alipojigonga kwenye kiti. Binti alipanda juu ya stuli akabadilisha balbu. Balbu zilizofunguliwa zikiwa nzima zilijaa sanduku zima chini ya meza.

"Fundi," mwalimu alisema akivaa viatu, "huyu binti yako amefaulu. Uhandisi wa mitambo anaupata chuo chochote anachotaka. Ila mwisho wa mwezi awe ameshachagua."

"Achague cha karibu."

"Karibu hapa kuna chuo cha upishi na cha udereva. Uhandisi uko kule ng'ambo ya mto, safari ya kutwa kwa basi."

"Basi huko ni mbali. Nitamwachaje mtoto wa kike aende kote huko?"

"Mbona wa kwangu nilimpeleka mbali kuliko huko, na hajaliwa na mtu?"

"Wako ana mdomo, Mwalimu. Huo ndio ulinzi wake. Huyu wangu hata umkanyage mguu anakuomba radhi yeye."

Mwalimu alicheka. Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza. Binti alikuwa ameifungia mota ya feni iliyokufa, nayo ilishona vizuri, isipokuwa ikikutana na kitambaa kizito kama cha jinzi ilipata joto mpaka inanuka. Alitaka kujua kwa nini. Kwa kweli uhandisi wote aliokuwa anautaka ulianzia hapo.

Mwalimu alipoondoka, binti akatoka na ufagio kukusanya vipande vya vitambaa. Bibi yake, mama mzazi wa Fundi, alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, anashona vifungo vya shati. Magoti ya Bibi yaliacha kutembea zamani, lakini ulimi ulikuwa na afya.

"Mke mwenzangu, kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Nyumba yangu ina madirisha mawili. Yamefungwa, na mwenye nyumba anailalamikia taa."

Ufagio ulisimama. Mikono ya Fundi ilikuwa inakunja tepu, nayo ikasimama. Jibu alilijua hata paka wa dukani. Binti alitazama sakafu, uso umempanda moto, kana kwamba ni yeye aliyekamatwa.

"Nimeshindwa," alisema.

"Umeshindwa? Wewe wa fizikia? Haya, nipe mji."

"Chukua ule wa ng'ambo ya mto. Wenye chuo cha uhandisi."

Aliyepewa mji hutakiwa kutoa jibu palepale. Lakini Bibi aliuma uzi akaukata, akasema hiyo miji ya kupewa mdomoni amechoka nayo. Jibu atalitoa akishauona mji wenyewe. "Na magoti haya hayafiki huko. Kama ni wangu kweli, uje."

Asubuhi iliyofuata muuza maziwa alichelewa. Alieleza kwamba chuo cha uhandisi kimekaa kwenye njia yake ya mkato, pale penye matangi ya maji, na imebidi azunguke.

"Kimekuja chote?" Bibi aliuliza.

"Chote, na bwalo lake."

"Na mji?"

"Mji sikuuona."

"Ulikuwa mzito, labda," Bibi alisema, akapokea maziwa yake.

Watu walikizoea mapema. Wanafunzi waliokuwa wamepanga vyumba ng'ambo ya mto walitafuta vyumba vipya, na wenye nyumba wakapaka rangi haraka haraka. Mkuu wa chuo alituma mtu kuulizia huku maji hukatika siku zipi. Binti alipita kukitazama akienda kununua vifungo, akaona karakana yenye mashine zilizofunikwa maturubai, akarudi bila vifungo.

"Baba, chuo kimefika penye matangi."

Fundi alikuwa anapapasa kola ya koti. "Penye matangi ni mbali," alisema. "Mtu akija kupima koti, mpaka ukimbie kutoka kwenye matangi, ameshakwenda kwa fundi mwingine."

Hakusema kwa nini binti ndiye akimbie. Binti naye hakuuliza.

Bibi alirudia kitendawili kilekile, na binti akashindwa tena. "Mji ndio uleule," alisema. "Basi usogee, bado siuoni," Bibi akajibu. Kesho yake chuo kilikuwa kimesimama kwenye kituo cha mafuta, na wenye magari wakawa wanapita katikati ya madarasa kwenda kwenye pampu. Wiki iliyofuata kilivuka barabara kuu. Walinzi wake walitangulia na vibendera kuzuia magari, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Mwalimu wa fizikia alikuja kuchukua suruali yake siku ambayo lango la chuo lilikuwa limetazamana na mlango wa duka.

"Fundi, mwezi unaisha keshokutwa. Ulitaka cha karibu, kile pale. Ukipiga chafya hapa, mkuu wa chuo anakuambia afya!"

"Bado ni mbali, Mwalimu."

"Mbali wapi? Angalia basi!"

Fundi aligeuza uso kwa utii, kama mtoto aliyeamriwa na mwalimu wake. Aliugeuzia ukutani, penye kalenda. Akaitazama kalenda kwa muda unaotosha kutazama chuo.

"Nimekiona," alisema. "Ni mbali."

Mwalimu alimtazama, akaitazama tepu iliyoning'inia shingoni mwake, vifundo vimepangana mpaka mwisho. Kisha akaona chini ya pazia miguu ya binti, mmoja kwenye kanyagio, haukanyagi. Suruali aliyokuwa ameishika mwalimu ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuvaa, na mtaa mzima alikuwa ameusimulia ni nani anayemshonea.

"Kweli," alisema taratibu, bila kumtazama mtu. "Taa ya humu ndani mbovu."

"Ndiyo nasema kila siku!" Fundi alijibu kwa furaha.

Mwalimu aliondoka akiwa ameinamisha kichwa. Mwezi ukaisha. Siku ya mwisho ya kuandikishwa, binti alishona sketi za harusi ya watu.

Baada ya hapo chuo kilisogea mara moja tu, hatua za mwisho, kikaegemea ukuta wa nyuma wa duka. Darasa la mitambo likawa upande wa pili wa tofali, na sauti ya mhadhiri ilipita kama vile amekaa mezani pao. Bibi aliomba abebwe na kiti chake mpaka kwenye ukuta ule. Akaugonga kwa kidole chenye kastabini, na upande wa pili mtu akaitika.

"Mji umefika, Bibi," binti alisema. "Haya, jibu."

Bibi alimgeukia mwanawe. Fundi alikuwa amesimama katikati ya duka, ameinua kidevu kidogo kama wanavyofanya watu wanaosikiliza zaidi ya kutazama. Alikuwa mtoto wake wa kwanza. Aliwahi kumbeba mgongoni kwenda kumuonyesha treni.

"Jibu nimelisahau," Bibi alisema. "Uzee huu. Nirudisheni mlangoni."

Toka siku hiyo hakutega tena.

Fundi alifurahia ukuta kuliko wote. "Unasikia vizuri huko nyuma?" aliuliza kila asubuhi.

"Nasikia, Baba."

"Basi si unasoma bure? Karibu kuliko hapo labda umezwe!" Akacheka peke yake, akaulizia uzi mweusi.

Binti alisikia kweli. Alishona akisikiliza habari za gia, za mikanda, za vyuma na joto. Siku moja mhadhiri alifika kwenye mota, na mguu wa binti ukateleza wenyewe kutoka kwenye kanyagio. Mhadhiri alieleza kwamba mota ikilemewa hupata joto, akasema sababu yake ni rahisi. Chaki ikagonga ubao, ikachora kwa muda mrefu.

"Kama mnavyoona hapa," mhadhiri alisema.

Wanafunzi wakaitikia kwamba wanaona. Mhadhiri akafuta ubao, akaendelea na mengine. Binti alibaki ameutazama ukuta. Mbele ya pazia Fundi naye alikuwa amesikia kila neno, na hilo la kuona alilisikia kuliko mengine. Alifungua mdomo. Akaingia mteja, akaufunga.

"Kifua arobaini!" akanadi. "Mkono ishirini na tano!"

Miaka ikapita, na wale walioandikishwa mwezi ule wakamaliza. Majoho ya mahafali yao chuo kilimpa Fundi Macho, kwa kuwa ndiye fundi wa karibu. Walijipanga mpaka barabarani. Aliwapima mmoja mmoja, sauti ikakauka, akanywa maji, akaendelea. Wa mwisho alipotoka, Fundi hakukunja tepu. Duka lilikuwa tupu mbele yake. Aliinua mikono, akapima hewa.

"Bega kumi na tano," alisema, safari hii si kwa sauti ya mnada. "Mkono ishirini na mbili. Urefu hamsini na moja."

Nyuma ya pazia, binti aliandika. Kwenye bega tu alikuwa ameshajitambua. Alilishona joho lile kwa mishono midogo kuliko mengine, akalitundika kwenye hanga pembeni. Hakuna aliyeuliza ni la nani, na mwenyewe hakulijaribu.

Siku ya mahafali, wakati ngoma zimeshaanza upande wa pili wa ukuta, msichana mmoja aliingia mbio. Pasi ilikuwa imeunguza joho lake, na majina yanasomwa. Bibi alitazama pazia. Kwa muda halikutikisika. Kisha ukatoka mkono ulioshika lile joho la pembeni.

Msichana alilivaa palepale, akajizungusha mbele ya kioo.

"Jamani, limenikaa kama nimepimwa! Fundi Macho, macho yako hayazeeki!"

"Ndiyo kazi yetu," Fundi alisema.

Msichana akatoka mbio. Fundi alipapasa njia mpaka pembeni, akaigusa hanga tupu, akaishika.

"Limekwenda?"

"Limekwenda, Baba."

"Lilimkaa?"

"Lilimkaa."

Alisimama hapo. Upande wa pili waliita jina, wakapiga makofi, wakaita jingine. Mlangoni, Bibi aliacha kushona.

"Mama," Fundi alimwita binti yake, kwa sauti ndogo. Binti akasogeza pazia, akangoja.

"Taa ya humu ndani mbovu."

Binti akavuta stuli, akapanda. Akaifungua balbu iliyokuwa inawaka vizuri, ikamuunguza vidole kidogo, akaweka nyingine.

"Sasa?" aliuliza kutoka juu.

"Sasa afadhali," alisema Fundi Macho.