Kitambaa cha Suruali ya Baba

Jumamosi asubuhi fundi wa sare za shule aliifumua sketi ya binti yake kiunoni, akakuta kitambaa cha akiba kilichokunjwa ndani kimekwisha. Tangu shule zifunguliwe alikuwa ameshaitanua mara mbili. Binti mwenyewe, mtoto wa miaka kumi ambaye nyumba nzima ilimwita Bonge, alisimama na shimizi akisubiri, huku akijikuna goti.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha, mwanangu."

Hapo ndipo wazazi walipompeleka kliniki. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya nne, na Bonge hakuweza kufika bila kukaa njiani. Wenzake wa jengo walimpita ngazini wakisimuliana mambo ya shule, naye alipofika juu hadithi ilikuwa imeshakwisha. Hakuwa na haja ya wembamba. Alitaka kusikia mwisho wa hadithi.

Nesi alimpima uzito na kimo. "Msimnyime chakula, bado anakua," alisema. "Soda na chipsi ziwe za siku mojamoja, mboga na matunda yaongezeke, na acheze kila siku. Lakini si peke yake. Dawa hii ni ya nyumba nzima. Mle chungu kimoja, mtembee pamoja."

"Tumekuelewa, sista," alisema baba, na kweli alikuwa ameelewa.

Bonge akanunuliwa raba. Kila jioni alilizunguka jengo mbio, baba akimhimiza kutoka roshani, chupa ya soda mkononi. Mezani mtoto alipewa maharage na kabichi. Wakubwa walimalizia chipsi, kwa kuwa mafuta yalikuwa yameshanunuliwa na si vizuri kuchezea riziki. Fundi naye alikula. Aliona haya, lakini alikula.

Baba alikuwa karani wa tiketi za basi, kazi ya kukaa kutwa nzima. Wiki ya pili aliinuka kumhudumia abiria, suruali ikabaki chini. Abiria aliomba kiti cha dirishani, akapewa. Jioni fundi alimpima mumewe kwa tepu yake ya kushonea, akaona tumbo limekwenda zake. Shangazi, dada yake baba aliyekuwa akiishi nao, naye pete zilikuwa zinamtoka vidoleni. Bonge alikuwa vilevile.

Haikuwachukua muda kujua sababu. Siku Bonge alipolala na mafua, tumbo la baba lilirudi kabla ya adhuhuri, likang'oa kifungo. Mtoto alipopona akakimbia, likaondoka. Baba aliwaeleza majirani jambo hilo kama mtu anayewaelekeza duka lenye vitunguu vizuri. Jirani mmoja aliuliza kama Bonge angeweza kumkimbilia na yeye, akaambiwa haiwezekani, hawana undugu.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kwamba ziko nyumba ambamo mchumaji ni mmoja na walaji ni wengine.

"Niongezee mizunguko miwili, kipenzi," shangazi alimwambia huku akijigeuzageuza kwenye kioo. "Harusi yenyewe Jumamosi."

"Magoti yananiuma, shangazi."

"Pole, mwanangu. Basi mmoja tu."

Kisha maji yakakatika. Baba alikuwa kazini, shangazi alikuwa kwa msusi, na fundi akabaki kupandisha ndoo kutoka uani hadi ghorofa ya nne. Alipanda na kushuka mpaka mgongo ukawaka moto. Alasiri, ndoo ikiwa kichwani, alisikia wasichana wakipanda nyuma yake kwa kicheko. Mmoja wao alikuwa Bonge, ameishika sketi kwa mkono isimvuke.

"Shikamoo mama. Ngoja nisikie mwisho wake, nakuja kukupokea."

Akampita, akafika juu na wenzake. Fundi aliitua ndoo pale ngazini akalia, kwanza kwa furaha, halafu kwa aibu.

"Sisi tukijishughulisha, anapungua yeye," aliwaambia mezani. "Nimempima."

Baba aliitazama tepu, akamtazama mtoto.

"Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname," alisema.

"Kweli kabisa, kaka," alisema shangazi.

"Basi kesho tunaanza."

Kesho yake baba alirudi amechoka kwa kukaa, na shangazi alikuwa na rangi mbichi kwenye kucha. Fundi aliendelea kubeba ndoo peke yake, na Bonge akaendelea kusikia hadithi hadi mwisho. Halafu maji yakarudi, wateja wa sare wakajaa mlangoni, fundi akakaa kwenye cherehani kama zamani. Alijiambia ni mpaka msimu upite.

Bonge akaanza tena kukaa ngazini. Siku moja alisimama kando ya cherehani, akimwangalia mama yake anavyopunguza suruali ya kijivu ya baba.

"Mama, maji hayatakatika tena?"

"Mungu apishe mbali," alijibu fundi kwa mazoea. Kisha swali likamwingia, na mguu wake ukasimama juu ya pedali. Ulisimama kitambo. Lakini sare zilikuwa nyingi, na mguu ukaendelea.

Vipande alivyokata kwenye suruali hakuvitupa. Aliviunga kwenye sketi ya buluu, kimoja kila upande, ikamtosha Bonge vizuri. Mtoto akafunga kamba za raba, akashuka uani. Baba, ndani ya shati lililomkaa sawasawa, alichungulia kutoka roshani.

"Usikimbie sana leo, Bonge," alisema. "Shati hili bado jipya."