Nusu Hupandishwa

Jumatatu asubuhi, Kasmir alipofika na mnyororo wa kupimia ardhi, dada yake Hilaria alikuwa bondeni akigeuza nyasi. Alikuwa anatengeneza intumba, yale matuta ya duara ya Wafipa ambayo nyasi huzikwa chini yake zioze, ili mbegu ikishuka ikute chakula tayari. Akaliegemeza jembe kwenye tuta, akanawa mikono, akaenda kumpikia ugali wa ulezi. Mpimaji hapimi na njaa, hasa akiwa mpimaji wa kwenu.

Kijiji chao kiko njia ya Mwimbi, na miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza mahindi popote, ruksa kuvaa mitumba, ruksa wageni kuja kuomba ardhi ya kulima ngano. Kijiji kikaamua kwamba kabla mgeni hajaja, kila mwenyeji apimiwe, na hesabu iandikwe kwa hekta nzima. Atakayefikisha hekta moja atabaki na ardhi yake. Atakayepata sifuri, ya kwake itahesabiwa kuwa ya akiba. Kazi akapewa Kasmir, mwalimu wa hisabati huko Kizwite, kwa kuwa ni mtoto wa hapo na watu walimwamini. Hilaria alimwamini kuliko wote.

Walikuwa ndugu wa baba mmoja. Kasmir aliletwa nyumbani akiwa hajajua hata kufunga vifungo vya shati, baada ya mama yake kufariki, na Hilaria ndiye aliyembeba mgongoni. Watoto wa jirani walimwita ndugu nusu. Alipofika madarasa ya juu alikuwa akikaa karibu na moto akikariri namna ya kukadiria desimali: mtazame jirani wa kulia peke yake. Akiwa tano au zaidi, panda. Akiwa nne au chini, baki ulipo. Kisha yeye na wote walio nyuma yake watupe. Usimuulize jirani wa jirani.

"Na nusu je?" Hilaria aliuliza siku moja, huku anachambua maharage.

"Nusu hupandishwa, dada."

"Basi na wewe umepandishwa. Ni ndugu mzima."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita nusu mbele ya Hilaria akabaki salama. Na ilipofika siku ya baba kuamua nani aendelee na shule, Hilaria alisema aende Kasmir. Yeye akashika jembe.

Matokeo ya upimaji yalisomwa Ijumaa, uwanja wa shule. Hilaria alikuwa na mashamba matatu madogo. La bondeni lilikuwa sifuri nukta nne sita. La mlimani, sifuri nukta tatu nane. La karibu na kigango, sifuri nukta nne moja. Kasmir alikadiria kila moja kwa namba nzima. Nne haifiki tano: sifuri. Tatu haifiki tano: sifuri. Nne tena haifiki tano: sifuri. Akazijumlisha zile sifuri tatu, akapata sifuri.

Ukimkagua mstari kwa mstari, humpati na kosa. Dhambi ilikuwa kwenye mpangilio. Mwalimu yeyote huwaambia wanafunzi wajumlishe kwanza, wakadirie mwishoni. Mashamba yale yakijumlishwa ni moja nukta mbili tano, na hiyo ukiikadiria ni hekta moja, na Hilaria angelima mpaka azeeke. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si haba ambazo zimetupwa moja moja kabla hazijafika kwenye kibaba.

Kisha Kasmir akasoma shamba lake mwenyewe, alilorithi kwa baba. Sifuri nukta nne nne sita. Lilikuwa dogo kuliko lile la bondeni. Sita ikaipandisha nne ya pili, ikawa tano. Tano hiyo ikaipandisha nne ya kwanza, nayo ikawa tano. Tano hiyo nayo ikaipandisha sifuri, ikawa moja. Alipanda ngazi kwa ngazi, jirani wa jirani akaulizwa, kosa ambalo kule Kizwite mwanafunzi huchapwa kwalo.

"Yangu umejumlisha kwanza?" Hilaria aliuliza.

"Dada, hiyo ni hesabu."

"Najua ni hesabu. Si wewe uliyenifundisha?"

"Utaratibu ndio huo, dada. Tusibishane mbele za watu."

Mwenyekiti akafunga mkutano.

Jioni ile ile mashamba ya Hilaria yakaondoka. La bondeni lilikuwa kati ya Lazaro na Theodory, ambao ni majirani zake hata nyumbani. Hilaria aliponyanyua mguu kwenye maharage ya Lazaro, mguu ulitua kwenye mahindi ya Theodory. Alirudi nyuma akajaribu tena. Masalu, Msukuma mwenye ng'ombe, alikuwa anapita na mifugo yake, akamsalimia.

"Mama, ng'ombe wangu wamepita kwako na hawajala kitu," alisema. "Nilitaka wewe mwenyewe ujue."

"Kwangu hakupo."

"Ndiyo maana nikasema ujue."

Lazaro alisema angalau njia ya kisimani imekuwa fupi. Mke wake akampelekea Hilaria mboga. Hakuna aliyeshangaa. Makao makuu ya mkoa yanaitwa Sumbawanga, yaani tupa uchawi, na watu wa huko wameshaona vingi vikitupwa.

Wakati huo shamba la Kasmir lilikuwa linatanuka. Lilitanuka Jumamosi nzima bila kelele, likaisukuma njia ya baiskeli pembeni, na mafundi wa uzio wakaongeza miti mara mbili. Upande mpya ulikuja na matuta yake tayari, na nyasi zilizokuwa chini yake hazijaoza bado. Jembe la Hilaria lilikuwa limeegemea pale pale alipoliacha, mpini umezungushiwa kipande cha kanga. Mabaki ya ardhi yake yalikwenda kwenye akiba ya mgeni wa ngano.

Hilaria alilifuata jembe lake. Kasmir alikuwa pale, amesimama na mafundi.

"Chukua, dada, jembe ni lako," alisema. "Ila matuta ni ya shamba. Ukitaka njoo ulime hapa, nitakupa debe la ulezi. Siwezi kukuacha na njaa."

Iliuma. Ilimuuma Hilaria kuliko siku alipomzika baba yake, maana marehemu hakuwa amemsaliti mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo alikuwa ameifua, ameipiga pasi, ameipeleka shule.

"Kasmir," alisema, "wewe hukuwa nusu."

"Ndiyo, dada. Mimi ni mzima."

"Hapana. Ulikuwa sifuri nukta nne nne sita. Mimi nikakupandisha ngazi kwa ngazi."

Akachukua jembe akaenda zake.

Jumapili, baada ya misa, Kasmir alikuja kula kwa dada yake kama kawaida. Alipita nyumba ya Lazaro, na hapo hapo akajikuta mbele ya nyumba ya Theodory. Akaigeuza baiskeli. Alipita nyumba ya Theodory, akawa kwa Lazaro.

"Dada Hilaria yuko wapi?" aliuliza.

"Si yuko hapo katikati," alisema Lazaro, akamwonyesha kwa kidole.

Kasmir akatazama kidole kilipoelekea. Ukuta wa Lazaro ulikuwa umegusana na ukuta wa Theodory. Ndani ya nyumba yake, Hilaria alisikia kengele ya baiskeli ikienda na kurudi, na sauti ikipiga hodi milango ya wengine. Kwa mazoea alikuwa amepika ugali wa watu wawili. Alikula wake, wa pili akaufunika.

Mvua ilinyesha usiku huo. Asubuhi Hilaria alifunga kanga, akashika jembe, akaenda kuyamalizia matuta yake katika shamba la Kasmir. Alizika nyasi hadi jua likaegemea upande wa Zambia. Kasmir akampimia ulezi kwenye debe. Haukufika ukingoni, ulipungua kama vidole vitatu.

"Debe moja," alisema Kasmir, akaandika moja.