Karibuni Nyumbani

Kasuku hakuijua lugha ya zile filamu hata kidogo, na kwa miaka minane siri hiyo alibaki nayo peke yake. Asubuhi alishona sare kwa cherehani yake. Saa tisa alasiri alishika kipaza sauti ndani ya banda la video la wifi yake, Mama Deki, akawatafsiria watu. Jambazi akibwata, naye alibwata. Bibi harusi akilia, alilia naye, akatia na chumvi kidogo ili kilio kinoge. Watu waliacha kumbi zenye viti vya mito, wakaja kukalia mabenchi ya mbao kwa sababu ya mdomo wake.

Kila diski ilianza na maandishi mengi juu ya lile shuka jeupe la ukutani. Katika maandishi yote hayo Kasuku alitambua neno moja tu, lile lililokuwa kwenye rimoti chini ya picha ya kijumba: nyumbani. Basi siku ya kwanza kabisa, watu wakimkodolea macho na jasho likimtiririka, alisema, "Wenye filamu wanasema, karibuni nyumbani!" Banda zima likajibu, "Tumeshafika!" Tangu hapo filamu haikuanza bila salamu hiyo.

Alasiri moja mkaguzi wa filamu aliketi benchi la nyuma, faili mapajani, na hakuna aliyemtilia maanani. Salamu ilipokwisha kuitikiwa, alisimama akamwamuru Mama Deki asimamishe diski hapo hapo.

"Mama, ndivyo palivyoandikwa?" mkaguzi alimuuliza Kasuku.

"Ndivyo."

"Basi ngoja nikusomee." Akaliendea shuka, akafuatisha maneno kwa kidole. "Diski hii ni ya kutazamwa nyumbani tu. Ni marufuku kuionyesha hadharani."

Wengine walicheka. Fundi mwashi wa benchi la mbele, ambaye hakuwahi kukosa filamu, aligeuka. "Kasuku, kumbe lugha hujui?"

Aibu ilimshika Kasuku, masikio yakamwaka moto. Mkaguzi hakuwa na habari naye. Alichomoa nyaya za deki, akaikwapua na diski ikiwa bado ndani.

"Kibali tukakiombe wapi?" Mama Deki aliuliza.

"Kwa banda la mabati? Hakuna kibali cha namna hiyo."

"Na wasio na luninga kwao watazamie wapi?"

"Hayo si yangu. Nimefunga."

Mama Deki alikaa kitako kwenye benchi. Banda lile ndilo kazi pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe. "Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "waambie watu waende."

Kasuku alimtazama wifi yake alivyonywea, na aibu yote ikageuka hasira. Shuka lilikuwa tupu, lakini spika ilikuwa bado inanguruma. Akakiinua kipaza sauti.

"Simwambii mtu aende. Ni kweli, lugha siijui, sijawahi kuijua. Yule mjane mliyemlilia mwaka jana, aliyesimama mbele ya hakimu, sijui alisema nini. Mliyoyasikia ni yangu. Anayejiona amedanganywa, mlango ule pale."

Hakuna aliyeinuka. Fundi mwashi alijikuna kichwa.

"Mke wangu alimjibu mwenye nyumba kwa maneno ya yule mjane," alisema. "Neno kwa neno. Mpaka leo hatujahamishwa. Yalikuwa yako?"

"Yangu."

"Sasa unangoja nini? Endelea!"

"Nimesema banda limefungwa," mkaguzi alifoka kutoka mlangoni, deki kwapani.

"Umefunga diski," Kasuku alimjibu. "Lifungue hilo faili lako, utafute palipoandikwa kwamba mdomo wangu nao ni wa nyumbani tu. Ukipaona, njoo unisomee."

Mkaguzi alilifungua kweli. Alipekua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kasuku hakumngoja. Aliligeukia shuka tupu, akakohoa kidogo kama kawaida yake.

"Wenye filamu wanasema," alianza, kisha akasita, akajirekebisha. "Mwenye filamu anasema, karibuni nyumbani!"

"Tumeshafika!" banda likajibu, na sauti ya Mama Deki ilikuwa juu kuliko zote.