Komeo la Friza

Mwanangu mdogo alifungiwa ndani ya friza iliyokuwa inafanya kazi. Komeo lililomfungia nililitia mimi, ufunguo ulikuwa shingoni kwangu, na kaka yake alijua yuko wapi. Nilipomuuliza akasema hajui.

Nianze na joto, maana bila joto hayo yasingetokea. Ilikuwa wiki ya pili ya likizo ndefu, kiangazi kikali, bati la karakana linapasuka ta, ta, ta tangu saa tatu asubuhi. Mama yao anafua mashuka ya hospitali, zamu ya asubuhi, kwa hiyo wavulana walikuwa wangu mpaka saa tisa mchana. Mkubwa ana miaka tisa. Tunamwita Mhasibu kwa sababu anahesabu kila kitu: ngazi, kunguru, chafya za bibi yake. Mdogo ana mitano, jina lake la nyumbani Sisimizi, kwa kuwa hakuna tundu asiloingia.

Mimi ni fundi wa friji. Shule niliiacha darasa la sita. Ninachojua nimekijua kwa kuungua vidole.

Friza yenyewe ilikuwa ya muuza barafu wa ng'ambo ya barabara, ile ya kulala, inayofunguliwa kwa juu. Mpira wa mfuniko ulikuwa umechoka, baridi inavuja, na mpira mpya wa saizi ile hakuna. Nikachomoa komeo la lori bovu la samaki, nikalitia mbele. Ni komeo la springi. Mfuniko ukishuka tu, linajibana lenyewe, kah, na haliachii mpaka utie ufunguo wa pembe nne. Fundi yeyote anajua komeo la namna ile halifungwi bila kitasa cha ndani. Hata mimi nilijua. Nikajiambia, ni chumba hiki? Nani ataingia kwenye friza?

Jambo jingine la kujua ni hili. Siku nane kabla, Mhasibu alifungua mtungi wangu wa gesi ya friji kuona kama kweli inatoka baridi. Gesi yote ikaishia hewani. Hakuna aliyemwona. Alinifuata mwenyewe nikiwa chini ya meza, akasema, "Baba, mimi ndiye niliyefungua." Nikamchapa kwa kipande cha waya wa umeme, akawa hawezi kukaa.

Mama yao aliporudi akaziangalia zile alama, akaniambia, "Baba watoto, mtoto amekuletea ukweli mkononi, wewe umempiga mkono."

Nikamjibu, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilijiona nimesema.

Siku hiyo basi, friza iliwaka tangu alfajiri, naijaribu. Saa tano nikaichungulia, kuta zina barafu nyeupe. Nikavuka barabara kumwambia mwenyewe aje aichukue jioni. Niliwaacha wavulana uani na amri moja: msiguse kitu. Nikakaa kwa muuza barafu muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ana feni nzuri.

Yaliyotokea nyuma yangu niliyajua baadaye. Walibuni mchezo wa kuingia baridi. Mmoja anaingia kwenye friza, mwenzake anashikilia mfuniko na kuhesabu hadi hamsini, halafu zamu inageuka. Mhasibu aliingia kwanza, akatoka anatetemeka kwa raha. Akaingia Sisimizi, kaptura tu, kifua wazi. Akamwambia kaka yake, "Funga kabisa, baridi inatoroka." Mkubwa akaachia mfuniko.

Kah.

Alianza kuhesabu palepale, maana ndio ulikuwa mchezo. Alipofika hamsini akavuta mfuniko, ukakataa. Akaleta kijiko. Akaleta kisu cha mkate. Mikwaruzo ipo mpaka leo. Kisha akakimbilia ukutani kwa jirani yetu, mchomeleaji, tunamwita Cheche, akamwomba bisibisi kubwa.

"Nani kakutuma?" Cheche akamuuliza.

"Hakuna."

"Basi kamwambie huyo Hakuna arudishe kwanza koleo langu."

Cheche anasema alimwona mtoto anatafunatafuna maneno mdomoni, akadhani ni utundu. Akashusha kinyago chake, akaendelea kuchomelea. Barabara mtoto hakuvuka. Alijua niko wapi. Alirudi akasimama kando ya friza akihesabu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nilikuwa na furaha. Mteja ameridhika, jasho limekauka kwa feni. Nilichota maji nikanywa, halafu nikapanda nikakaa juu ya ile friza, miguu inaning'inia, kwa sababu mfuniko wake ndio ulikuwa kitu pekee cha ubaridi karakana nzima.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Sijui, baba."

"Hujui vipi? Nilikuachia nani, paka?"

Anatazama mapaja yangu.

"Nitazame usoni ninapokusemesha. Yuko wapi?"

"Sijui, baba."

Nikapaza sauti, "Cheche! Sisimizi yuko huko?"

"Hayuko!" Sauti ikaja kutoka nyuma ya ukuta. "Ila huyo mkubwa kaja hapa kuniomba bisibisi. Lete koleo langu, fundi!"

"Koleo lako nilikurudishia mwaka jana!"

"Mwaka jana ulirudisha mpini!"

Tukacheka. Nilicheka nimemkalia mwanangu.

Nikafikiri mdogo amejificha nyuma ya yale maboksi, au amekwenda kwa yule mshonaji anayewapa vitambaa. Nikaita mara mbili. Hakuna. Moyo ukaanza kunikaa vibaya, lakini si sana. Mvulana wa miaka mitano ukimwita mara mbili asipoitika, hilo si jambo geni.

Ndipo nikasikia chini ya paja langu: du. Kisha du-du.

Nikaweka kiganja kwenye mfuniko. Du.

Ningekuwa muuza nguo ningeruka. Ningekuwa mwalimu ningefungua. Lakini mimi ni fundi wa friji, na miaka ishirini na sita nimesikia mashine zikigonga. Nikasema kwa sauti, "Kompresa hii imelegea mguu." Kuudhika nako kukanipata, kwa kuwa nimetoka kumwambia mteja iko sawa kabisa.

Ikagonga tena mara mbili, taratibu. Kisha ikaacha.

"Haya," nikasema. "Imetulia."

Mhasibu alikuwa amesimama hatua mbili mbele yangu, mikono imebana kaptura. Midomo yake inacheza, sauti haitoki.

"Unanung'unika nini wewe?"

Midomo ikaendelea.

Nilishuka kwenda kukaza ule mguu kabla mteja hajaja. Kawaida yangu siingizi mkono nyuma ya mashine yenye umeme, kwa hiyo nikachomoa plagi. Mngurumo ukashuka, ukafa. Cheche naye alikuwa amepumzika. Nikapiga magoti nyuma ya friza, nikashika kompresa kwa mkono wa kushoto. Miguu yote minne imara kama mizizi.

Na kitu kikagonga. Mara moja, kama mtu anayedondosha kijiko.

Mkono wangu bado uko kwenye kompresa. Imekufa, haitikisiki hata kidogo. Kompresa isiyo na umeme haigongi.

Nikainua kichwa juu ya friza, nikamtazama Mhasibu.

"Unahesabu nini?"

Akasema, "Elfu moja na tisa." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimemkatiza, akaruka moja: "Elfu moja na kumi na moja."

Ufunguo nilikuwa nao shingoni kwenye kamba. Nilishindwa kuuvua. Niliinama nao mzima mzima, kichwa changu kwenye lile komeo kama ng'ombe aliyefungwa, pembe nne hazikai kwenye tundu. Ukaniponyoka. Nikaushika tena. Nikasikia nyuma yangu namba zinakwenda, sasa kwa sauti, na mimi napiga kelele, "Cheche! Cheche!" Ukaingia. Nikazungusha. Mfuniko ukaruka.

Alikuwa amejikunja ubavu, magoti kidevuni, nywele zina ukungu mweupe, midomo rangi ya wino. Macho yako wazi. Nilipomwinua, ngozi ya bega ikabaki kidogo kwenye barafu. Nikaweka sikio puani mwake. Pumzi ipo, nyembamba, ya kuomba ruhusa.

Cheche aliruka ukuta na koti lake la ngozi. Tukamlaza uani, kwenye ile sakafu ya saruji tuliyokuwa tunailaani kwa kuchoma nyayo, tukamsugua miguu na mgongo. Jua la saa sita lilimwangukia lote. Mwisho akakohoa. Kisha akalia, na kile kilio hakuna redio itakayonipigia kitu kitamu kama hicho.

"Elfu moja mia moja arobaini," akasema Mhasibu, akanyamaza.

Nikamgeukia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitakiwa nihesabu hamsini tu."

"Nimekuuliza kwa nini hukuniambia. Nilikuwa nimekaa pale juu! Nimekuuliza mara mbili!"

Alifikiri. Ni mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu. "Ile ya gesi nilikuambia," akasema.

Niliinua mkono nijifute uso. Yeye akafunika kichwa kwa mikono miwili, akachuchumaa.

Cheche akatazama pembeni.

Lile komeo nililivunja kwa nyundo siku hiyohiyo, na mengine sita niliyowahi kuwafungia watu niliyafuata moja moja kwa miguu, nikayang'oa. Muuza barafu aliichukua friza yake, akaipeleka kwa fundi mwingine. Mama yao hakupiga kelele. Alikunja nguo za watoto na zake, akaenda nao kwa dada yake.

Hesabu yangu ni hii. Dakika kumi na tisa. Kucha tatu za mkono wa kulia wa Sisimizi. Mbili zimeota, moja daktari anasema haitarudi. Kovu moja begani, refu kama kidole changu. Wiki nne za likizo nilizokaa na bati peke yangu. Mlango wa chumba cha wavulana, ambao nimeutoa kwenye bawaba kwa kuwa mdogo halali ukiwa umefungwa.

Na Mhasibu, ambaye zamani nilikuwa nikimwambia anyamaze angalau masikio yangu yapoe. Wamesharudi, ana mwezi wa tatu sasa nyumbani. Kwangu mimi amebakiza maneno matatu, nimeyahesabu: "Ndiyo, baba." "Hapana, baba." "Sijui, baba."