Ngoma Inalala kwa Sabdio

Habari ya kifo cha Guracha ilifika kwenye simu ya Kache pamoja na swali la gari. Ujumbe ulikuwa mmoja. Beryl, binti anayepuliza klarineti, aliandika kwenye kundi la bendi: "Poleni sana familia ya mzee. Gari la Hola linatoka saa ngapi?" Kache aliusoma akiwa sokoni Garsen, mkono mmoja umeshika fungu la mchicha, na hakumkasirikia yule binti. Alichoka tu. Alikuwa mhazini wa bendi ile kwa miaka mingi, na alikwishajua kuwa huku Tana msiba na hesabu huingia kwa mlango mmoja, tena bila kupishana.

Johnson, mwenyekiti, alimpigia kabla hajafika nyumbani. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mpokomo, ndiye aliyewafundisha nusu ya bendi kusoma noti ubaoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia kidogo kisha akajipangusa. Alisema Guracha alizikwa Minjila jana jioni, kwamba matanga ni siku tatu, na Jamhuri ni kesho. Akasema kamati ya sherehe kule Hola safari hii imeahidi kulipa mkononi, papo hapo, si zile karatasi za kusaini na kungojea mpaka wino ufifie. Lililobaki walilijua wote wawili: ngoma kubwa ilikuwa nyumbani kwa marehemu.

Bendi nyingine huweka vyombo vyao stoo wakafunga kufuli. Hii haikufanya hivyo, na sababu ni ya zamani, ingawa wakubwa wanapenda tuisahau. Baada ya mwaka ule watu walipokatana kwa ajili ya maji na malisho, lilikuja shirika moja la ng'ambo na masanduku ya tarumbeta. Likapiga picha, Muorma na Mgiriama na Mpokomo wamekumbatiana mbele ya gari lake, likaondoka. Vyombo vikafungiwa chumba kimoja, na haukupita mwezi ugomvi ukazuka: watu wa mwenye ufunguo ndio wenye bendi. Ndipo Guracha, mfugaji wa Kiorma ambaye hata kupuliza alikuwa bado hajajua, aliposema maneno ambayo Kache hakuyasahau. Mtu hachomi nyumba yenye mali yake. Basi kila chombo kilale kwa watu wa upande wa pili.

Ikawa hivyo. Tarumbeta za vijana wa Kiorma zikalala kwa Wagiriama na Wapokomo, na ngoma kubwa ya Kahindi, Mgiriama, ikalala kwa Guracha. Hakuna aliyeweza kwenda kupiga hata harusi ya shangazi yake bila kwanza kubisha hodi kwa mwenzake, akae, anywe chai, aulize watoto na mifugo wazima, ndipo apewe.

Na kulikuwa na desturi ya pili. Akifa mtu kwenye nyumba ya Kikristo, bendi inapiga mazishini bila kutoza senti, vijana wa Kiorma wakiwa nje ya ua wa kanisa, wanapulizia huko huko. Akifa mtu kwenye nyumba ya Kiislamu, zawadi ya bendi ni kimya. Siku tatu hakuna chombo kinachopigwa, popote. Katika taarifa ya shughuli za mwaka Kache huandika yote mawili: mwezi fulani msiba, tulipiga; mwezi fulani msiba, tulinyamaza. Mgeni mmoja wa shirika aliwahi kumwuliza kama kunyamaza nako ni shughuli. Kache alimjibu aulize waliofiwa.

Sasa kimya na Jamhuri viligongana, na Johnson alikuwa na hoja. Bendi ya jamii haina mshahara wala mfadhili wa kudumu. Inaishi kwa siku kuu tatu za taifa, harusi chache na michezo ya shule. Kinachoingia kinatoka: mianzi ya klarineti, mafuta ya valvu, nauli, ada ya kusajiliwa upya kila mwaka ili serikali ijue upo, ingawa ikishajua hailipi. Ahadi za hao wakubwa ni kama mvua ya Garsen, ikikosekana unakufa, ikija nayo inakuua kwa namna yake. Na mwaka huu tarumbeta mbili na tromboni vilikuwa kwa fundi Malindi. Fundi alikwishasema: mwaka mpya ukiingia hajalipwa, anauza.

"Bila vile bendi haina midomo," Johnson alisema. "Kache, mama, Guracha mwenyewe angesema twende."

"Guracha hasemi tena, mwalimu. Ndiyo maana kila mtu anamsemea."

Lakini hakukataa. Hilo lilimsumbua njia nzima baadaye, kwamba hakukataa. Walikubaliana aende kutoa pole kama mama wa heshima, na akirudi, arudi na ngoma.

Kahindi alikuja kumchukua kwa pikipiki yake. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga kamba ya nailoni, bunda zima, maana ngoma ile haibebeki bila kufungwa sawasawa. Kache aliiona ile kamba na hakusema kitu. Walitoka Garsen jua likiwa limeshapanda, vumbi limetulizwa na mvua za vuli, mathenge, ile miti ya miiba, yamebana njia pande zote mbili. Kahindi, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, alisema mara moja tu, kwamba Guracha ndiye aliyemfundisha kukamua ng'ombe, na kwamba hajawahi kufaulu.

Nyumba ya Guracha ilikuwa na watu. Wanaume walikaa nje kwenye majamvi, Kahindi akaenda kukaa nao. Kache alivua viatu akaingia kwa wanawake. Sabdio, mjane, alikuwa amekaa chini ukutani, amejifunika, na uso wake ulikuwa mkavu. Kache alimshika mikono yote miwili. Wakasomewa dua, naye asiyejua Kiarabu akainamisha kichwa. Chai ikaletwa. Mlango wa chumba cha pembeni ulikuwa wazi, na Kache aliiona ngoma: imewekwa juu ya kitanda, kitanda cha watu, imefunikwa shuka safi. Watoto walikuwa wamelala sakafuni.

Hapo ndipo alipoikumbuka ile sifuri yake.

Kila mwaka kwenye hesabu kuna mstari unaoitwa utunzaji wa vyombo, na kila mwaka Kache, kwa mkono wake, huandika sifuri. Shirika liliwahi kuisifu sifuri ile mbele ya mkutano, likasema bendi nyingine zijifunze kwenu jinsi ya kubana matumizi. Watu wakapiga makofi. Sabdio hakuwapo mkutanoni, nani angemwita? Wakati wa mafuriko makubwa, maji yalipoingia ndani, alipandisha ngoma kitandani, watoto wake wakasimama majini. Na ngozi ya upande mmoja ilipopasuka, Guracha alichinja dume lake, akaleta ngozi, Kahindi akaikausha na kuiwamba. Dume zima. Kwenye hesabu halikuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyeleta risiti ya ng'ombe.

Simu ya Kache ilitetemeka. Johnson. Aliiacha itetemeke.

Alikaa mpaka adhuhuri ikapita. Wanawake walitoka wengine wakaingia, na kila alipofungua kinywa kuomba alichotumwa, kilitoka kitu kingine: habari za marehemu, habari za mto, kwamba maji yameshapita migomba ya chini na hakuna aliyetangaza lolote, taarifa huja maji yakishafika magotini. Mwishowe Sabdio ndiye aliyeanza. Alingoja wenzake watoke kupakua chakula.

"Mama Chengo," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, kwa Kiswahili chake kifupi, "wewe umekuja kunipa pole ama umekuja kuchukua?"

Kache alifikiria kudanganya, akaona hana nguvu hizo.

"Yote mawili."

"Mimi niliona kamba. Mtu haji kwa msiba na kamba."

Kache alitazama chini. Alitaka kueleza habari ya fundi wa Malindi, tarumbeta mbili, tromboni, malipo ya mkononi, na yote yalikuwa kweli, na yote yalionekana madogo kwenye lile jamvi.

"Chukua," Sabdio akasema. "Mimi sikatai. Lakini niambie kitu. Ikitoka leo, itarudi kwa nani? Mzee ndiye alikuwa bendi. Mimi si bendi. Mimi nilikuwa napanguza tu."

"Itarudi hapa hapa."

"Haitarudi. Mukhtar shemeji yangu anataka kile chumba, aweke mbuzi wadogo. Ngoma ikiwa ndani, chumba ni cha ngoma, yeye anaogopa kusema. Ikitoka, ni cha mbuzi. Halafu Kahindi atakuja hapa kufanya nini? Wewe utakuja kufanya nini?" Alirekebisha shuka begani. "Nyinyi watu wazuri. Lakini mtu huja mahali akiwa na shughuli. Shughuli ikiisha, hata njia inaota miti."

Kache aliijua ile njia, mathenge yalivyoifunga mwaka ule wa mapanga, mwaka ambao hakuna Mgiriama aliyepita Minjila wala Muorma aliyelala Garsen akiwa amefumba macho yote mawili. Walioifungua hawakuwa wakubwa wa Hola wala wale wa shirika. Aliifungua Guracha, na ngoma ile, na chai ya mwanamke huyu, iliyonywewa na kila mtu na isiyoandikwa na yeyote.

Simu ikatetemeka tena. Safari hii aliipokea.

"Mwalimu," alisema, "ngoma haitoki."

Johnson alizungumza kwa muda mrefu. Hakufoka, angefoka ingekuwa nafuu. Alimkumbusha fundi. Alimkumbusha kwamba kamati ikiona pengo mwaka huu italijaza kwa vipaza sauti, na mwakani haitawaita. Alimwuliza kama anajua anachokiua. Kache alisema anajua. Kisha akasema wanaweza kwenda bila ngoma kubwa wakitaka, na wote wawili walijua hakuna maandamano bila ngoma kubwa, na kwamba hata ingekuwapo, siku tatu za kimya zilikuwa bado hazijaisha.

Alipokata simu, Sabdio alikuwa anamtazama.

"Basi ile kamba iache," mjane alisema. "Maji yanakuja. Kitanda hakitatosha."

Eda ilikwishaanza, na Kahindi hakuweza kuingia kule alikokaa mjane, kwa hiyo ilibidi kazi ya kuitundika ngoma juu ifanyike kwa dirisha la nyuma la chumba cha pembeni. Mukhtar, yule shemeji mwenye mbuzi, alipanda juu ya kitanda na kupitisha kamba kwenye boriti. Kahindi alisimama nje akishika ncha ya pili, akimwelekeza. Mukhtar hakuwa amefurahi, na hakuficha.

"Fundo hili gani? Nyinyi Wagiriama mnafunga kama mnashona makuti," alinung'unika.

"Na wewe unalivuta kama ndama, shemeji. Ngoma haitoroki. Polepole."

"Ingetoroka ningeisaidia."

Mzee mmoja nje aliangua kicheko kidogo, akakimeza kwa sababu ya msiba. Ngoma ilipanda, ikayumba, ikagonga boriti kwa ule upande wa ngozi ya dume. Ikatoa mlio mmoja, mzito, ukaenda mpaka kwenye majamvi ya wanaume. Mukhtar aliganda na kamba mkononi. Siku ya pili ya matanga, na chombo kimelia.

Wanawake walimgeukia Sabdio. Ndipo uso wake mkavu ulipovunjika, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Iacheni," alisema. "Hiyo ni ng'ombe wake."

Bendi haikwenda Hola. Kamati ilipiga muziki wa spika, na waliokuwapo walisema hotuba zilikuwa ndefu kama kawaida. Mwaka mpya ulipoingia fundi aliuza tarumbeta moja. Ya pili na tromboni Johnson alivikomboa kwa pensheni yake, bila kumwambia mtu, ila Beryl akaona risiti na kundi zima likajua.

Mkutano wa mwaka ulifanyika darasani, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Kache alisoma taarifa. Alipofika Desemba alisoma, msiba, tulinyamaza, na mtu wa nyuma akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mwaka huu kimya kimekuwa ghali. Kache hakubisha. Aliwaomba mstari wa utunzaji usiandikwe sifuri tena. Pesa ya kwanza itakayoingia inunue mabati ya kile chumba cha Minjila, na Sabdio aandikwe mwanachama kama wengine. Walijadiliana mpaka watu wakaanza kuchungulia jua. Wengine walisema tukianza kulipa nyumba moja, zote zitadai. Kache alisema zidai. La uanachama lilipita. La mabati likaahirishwa hadi fedha zitakapopatikana, na kila mtu mle ndani alikuwa ameshaisikia sentensi ile kwa wakubwa, sasa wakaitoa kwa vinywa vyao wenyewe.

Kisha mwenyekiti aliuliza nani angependa kuwa mhazini. Watu walitazama miguu yao. Kache akachukua tena ule mfuko wa karatasi za hesabu.

Johnson alitoka naye mpaka mlangoni. Hawakuwa wamesemezana vizuri tangu Desemba. Alimwambia anafikiri Kache amekosea, ila kwamba angekuwa mahali pake, naye pia asingeweza kuiomba ile ngoma. Kache alisema ndivyo alivyokuwa akidhani.

Kahindi alikuwa akingoja chini ya ukuta na pikipiki. Alisema maji yameshuka Minjila, lakini unyevu umeingia, ngozi lazima imelegea, inafaa wakaiwambe kabla ya shughuli yoyote kupatikana.

"Kama itapatikana," Kache alisema.

"Kama itapatikana. Nibebe kamba?"

"Kamba iko huko," Kache akasema, akapanda.